Mlezi wa Vidudu vya Amonia

Ukimuuliza Ainsley Lezama anafanya kazi gani, alikuwa akikujibu kwa neno moja, "Kemikali," kisha anajivuta ukosi wa shati. Hakusema uongo. Kiwanda cha mbolea cha hapa Couva kinatengeneza kemikali, naye aliingia kwenye geti la kiwanda hicho kila asubuhi na viatu vyake vyeupe, kwa hiyo hesabu inakubali. Alichokuwa hasemi ni kwamba akishaingia hakugeuka kulia, kwenye minara na mabomba yanayong'aa. Aligeuka kushoto, akateremka mpaka mwisho kabisa wa uzio, jirani na mikoko, akafika kwenye tangi kubwa la zege lililojaa tope la rangi ya kahawia. Hapo ndipo ilipokuwa kemikali yake.

Kazi yenyewe haina siri. Maji yakishatumika kiwandani hutoka na amonia, na amonia ikifika kwenye mikoko inaua samaki na kaa. Basi kabla maji hayajatoka, yanapitishwa kwenye tangi la Ainsley, na ndani ya tangi mna vidudu, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, ambavyo chakula chao ndiyo hiyo amonia. Vidudu hivyo vinadeka. Vinataka hewa ipulizwe mchana na usiku, vinataka joto la kiasi, vinataka kutiwa magadi maji yasiwe makali, na zaidi ya yote vinataka kuachwa kwa amani. Kwa kifupi, mwanamume mwenye kitambi na upara, aliyezidi miaka hamsini, alikuwa yaya.

Yeye mwenyewe alilijua hilo. Akiwa peke yake kando ya tangi alikuwa akijisema kwa sauti, "Wenzio wanafuga ng'ombe, Ainsley. Wewe umefuga kitu ambacho hata wakikuibia hutajua." Na alikuwa akicheka. Kwa kujicheka hakuwa na mpinzani California nzima, na hapa nasema California yetu, kijiji cha Couva, si ile ya kwenye sinema. Alicheka upara wake, alicheka kitambi chake, alicheka siku aliyocheza kriketi akajipiga goti kwa gongo lake mwenyewe. Ila ukitazama vizuri utagundua kwamba alijicheka pale tu alipopachagua yeye. Tangi hakulicheka mbele za watu hata siku moja.

Wa kumcheka mbele za watu alikuwa naye, na huyo ni Rawle Quamina, mume wa dada yake. Rawle alikuwa msimamizi kwenye mtambo wa majitaka ya mji, yale yatokayo vyooni. Siku ya harusi, Ainsley kama kaka wa bibi harusi alisimama kutoa hotuba, glasi ya ramu mkononi, akasema, "Dada yangu Velda ana bahati. Hatanunua manukato maisha yake yote. Kaolewa na chupa ya marashi." Ukumbi ukaanguka kwa vicheko. Tangu siku hiyo Rawle akaitwa Marashi. Watoto walimwita Marashi, muuza samaki alimwita Marashi, na padri mmoja mgeni aliwahi kumwita Bwana Marashi akidhani ndilo jina la ukoo. Ainsley aliihesabu hotuba ile kuwa hotuba bora ya maisha yake. Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa na la ukubwa wa tangi.

Sasa, sisi watu wa Trinidadi tuna ugonjwa wetu wa Desemba. Awe Mkristo, awe Mhindu, awe Mwislamu, Desemba ikiingia mtu anashikwa na wazimu wa usafi. Mapazia yanashushwa, kuta zinapakwa rangi, kochi linageuzwa miguu juu. Unaweza kuishi mwaka mzima na buibui wako kwa amani, lakini Krismasi ikikaribia buibui huyo anapewa notisi ya kuhama. Ainsley alikuwa mgonjwa mahututi. Mwaka huo alivipaka vanishi viti vya sebuleni, na mkewe Merlene akakalia kimoja kabla hakijakauka akiwa amevaa gauni la kanisani.

"Toka nyumbani kwangu," Merlene alimwambia. "Kasafishe huko unakolipwa."

Ainsley akalichukua neno hilo kama lilivyo. Alikwenda stoo ya kiwanda akaomba dawa ya kusafishia, ile nzito ya madumu, yenye harufu ya msonobari. Mtunza stoo alimwambia, "Kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji, mzee." Ainsley alimshukuru, akaondoka na madumu kwenye toroli, akicheka moyoni. Kifuniko kimoja! Hicho ni kipimo cha mabahili. Akaimimina dawa kavukavu, bila hata tone la maji. Akasugua ngazi, akasugua vyuma vya kushikia, akasugua nyumba ya pampu ndani na nje mpaka zege likabadilika rangi. Alipochoka kidogo alisimama akasoma maandishi ya kwenye dumu kwa sauti, kama mtu anayeisomea pampu habari njema: "Huua vidudu vyote."

"Safi sana," alisema, na akafungulia mpira wa maji.

Povu likateremka kwenye mfereji, na mfereji ule, kama mifereji yote ya kiwanda kile, unaishia mahali pamoja tu. Pale pale mdomoni pa mfereji palisimama kibao alichokiandika Ainsley kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: USIMWAGE KITU HAPA, KUNA VIUMBE HAI. Kwa kibao hicho aliwahi kumfokea mpaka meneja, aliyetaka kumwaga kahawa. Siku hiyo kibao nacho alikisugua kikang'aa.

Kesho yake asubuhi alisikia harufu kabla hajafika. Ilikuwa harufu ya mkojo uliolala. Tangi lilikuwa limefunikwa na povu jeupe, na tope la kahawia, ambalo siku zote hunuka kama udongo baada ya mvua, lilikuwa limegeuka kijivu. Alichota maji kwenye kichupa akatia matone ya kupimia amonia. Mambo yakiwa mazuri, kichupa hutoa rangi ya chai hafifu ya mgonjwa. Siku hiyo ilitoka chai iliyosahauliwa jikoni. Akapima tena kwa kichupa kingine, maana mtu akipata habari mbaya hulaumu chupa kwanza. Chai ikawa ile ile.

Akaketi juu ya dumu tupu kutafakari ni mpumbavu gani aliyefanya jambo hili. Alimfikiria mtu wa zamu ya usiku. Alimfikiria meneja na kahawa yake. Kisha akainama, akayasoma tena maandishi yaliyokuwa katikati ya miguu yake, na neno "vyote" likamtazama.

"Ainsley," alijiambia, "kiwanda kizima kina watu mia na ushei, na mpumbavu ametafutwa akapatikana kwenye shati lako."

Injinia wa majitaka alikuwa Sharda Boodhai, msichana wa umri wa kuwa binti yake, mpole na mwepesi wa kufikiri. Alifika na kofia yake ngumu, akatazama tangi, akanusa hewa.

"Bwana Lezama, kuna kitu kimeingia humu. Nani kamwaga?"

Mvua ilipita kichwani mwa Ainsley kama kisingizio, lakini haikuwa imenyesha. "Mimi," alisema.

"Umemwaga nini?"

"Krismasi, Injinia. Nimemwaga Krismasi."

Akaeleza yote, pamoja na kipimo cha mabahili na kibao kilichong'arishwa. Sharda alijiziba mdomo, akageuka pembeni, mabega yakawa yanamtikisika. Ainsley alifurahi, maana mtu akicheka, nusu ya kesi imekwisha. Lakini Sharda alipogeuka, macho yake yalikwenda kwenye bwawa la akiba lililo nyuma ya tangi, na kicheko kikamwisha.

"Nimeshafunga mlango wa kutolea maji," alisema. "Siwezi kuruhusu amonia hii iende kwenye mikoko. Kila kitu sasa kinaingia bwawani, na bado lazima tutoe haya maji yenye dawa tuyapeleke huko huko."

"Vilivyobaki si vitazaliana?"

"Vitazaliana. Tutakuwa sawa mwishoni mwa Januari."

"Na bwawa?"

"Bwawa halifiki Januari. Bwawa halifiki hata Krismasi. Likijaa tunazima kiwanda. Na kikizimwa, vibarua wote wanarudi nyumbani bila malipo mpaka mwaka mpya. Ndivyo mkataba wao ulivyo, na mimi sina mamlaka ya kuubadilisha."

Vibarua wale walikuwa majirani zake Ainsley.

"Kuna njia moja," Sharda aliendelea. "Tupate tope hai, lori mbili hivi, lenye vidudu vya aina hii hii. Nimeshapiga simu. Penye tope hilo karibu ni mtambo wa majitaka ya mji. Idara yao imesema haina pingamizi, ila aamue msimamizi wa pale kama mtambo wake unaweza kuvumilia kupunguzwa. Anaitwa..." Alitazama simu yake. "Rawle Quamina. Unamfahamu?"

"Kidogo," alisema Ainsley. "Amemwoa dada yangu."

"Basi tumepona! Mpigie sasa hivi."

Ainsley akaitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alijijua. Kwenye simu angeanza na mzaha, na mzaha huo ungekuwa ule ule. "Nitakwenda mwenyewe," alisema.

Pale getini alikutana na Boyo, kibarua wa kupaka rangi mabomba, kijana mwenye mdomo usio na breki.

"Mzee Lezama! Eti bwawa linapanda? Eti watafunga?"

"Nani kakuambia?"

"Pua. Sikiliza, mzee, nimeshamwahidi mama mkwe paja la nguruwe zima, lenye mfupa, si nyama ya kopo kama mwaka jana. Mwaka jana alilitazama lile kopo, akanitazama mimi, akaniuliza kipi kilifunguliwa kwanza, kopo au mdomo wangu. Usiniangushe."

"Sikuangushi," alisema Ainsley, ingawa ahadi hiyo aliitoa akiwa hana kitu mkononi.

Miaka yote ya ushemeji hakuwahi kukanyaga kazini kwa Rawle. Alikuwa amejiandaa kushika pumzi. Alifungua mlango wa gari kidogo kidogo, akaacha pua itangulie, akangoja. Ilimjia harufu ya udongo wenye unyevu, ile ile ya tangi lake siku njema. Nyasi zilikuwa zimekatwa. Ukutani palipandwa mabogenvilia, na bata wawili walikuwa wakitembea kando ya matangi kama wakaguzi. Palikuwa pasafi kuliko kwake, na hapakunuka msonobari hata chembe.

Rawle alitoka ofisini, mrefu, mkimya, ovaroli yake imepigwa pasi mpaka mstari wa mguuni ukasimama.

"Shemeji," alisema Ainsley.

"Naam, shemeji. Pua inaendeleaje?"

"Ipo," alisema Ainsley, akamfuata ndani.

"Kiti hicho kimeoshwa. Lakini kama unaogopa, simama."

Ainsley akaketi upesi, akatamani kiti kiwe na vanishi mbichi kimshike pale pale mpaka aseme lililomleta. "Nimeua vidudu vyangu," alisema.

"Vidudu gani?"

"Vya tangi. Vinavyokula amonia. Nimevimwagia dawa ya kusafishia."

"Vyote?"

"Ndivyo dumu lilivyoahidi."

Kicheko kikaanza kumtoka Rawle polepole, kikakua, akashika meza. Wala hakikuwa kicheko kibaya. "Ngoja, ngoja kwanza. Wewe unafuga vidudu? Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Si ulituambia ni kemikali?"

"Vinakula kemikali."

"Na vyangu vinakula kinyesi. Kikishaliwa hutoka amonia, na wenzao wanaila hiyo amonia. Ni vidudu vile vile, shemeji. Vyako na vyangu ni ukoo mmoja." Alijifuta macho. "Nenda kamwambie Velda. Hapana, nitamwambia mimi. Usininyime."

"Mwambie nani umtakaye. Ila nahitaji tope, Rawle. Bwawa likijaa wanazima kiwanda, na vibarua wanakwenda nyumbani mikono mitupu. Na ni mimi niliyefanya. Hakuna mwingine wa kumsingizia, nimeshatafuta."

Rawle akaacha kucheka. Alitoka nje akasimama ukingoni mwa tangi, mikono nyuma. Ainsley akamfuata.

"Krismasi ndipo mji unapokula," alisema Rawle. "Wakila, mimi ndiye ninayepokea. Nikikupa tope jingi, huenda nikakwama mimi."

"Nipe kidogo basi."

"Kidogo hakitakufaa kitu. Unajua hivyo." Akaitoa redio kiunoni akamwambia mtu wa upande wa pili alete lori la kunyonya, na likishaondoka lije la pili.

Ainsley akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, na mdomo wake, ambao haujawahi kungoja ruhusa ya kichwa, ukafunguka. "Ahsante sana, Marashi."

Neno likatoka, likasimama kati yao. Rawle hakuutoa mkono wake. Alingoja lori lifike, bomba litumbukizwe, mashine ianze kunguruma, ndipo akasema, macho yake kwenye bomba.

"Mimi jina hilo sikulijali. Nilikuwa mtu mzima, nina mke, nina mshahara. Utani ni utani. Lakini Avionne alipoanza shule walimwita Mtoto wa Marashi. Akikaa, wanaziba pua. Akishika kitabu, hakishikwi tena. Alikuwa akioga mara tatu kabla ya kwenda darasani, Ainsley. Mtoto wa miaka saba."

Avionne alikuwa binti yao wa pekee. Sasa ni muuguzi, anaishi Tobago, na Ainsley alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona nyumbani kwake akashindwa.

"Mnasema siku zote ana tumbo," alisema. "Krismasi. Kila mwaka Velda anasema Avionne tumbo linamsumbua."

"Hakuna tumbo. Hakutaka kuja mahali jina lilipotengenezwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya utani."

Ainsley aliona kwamba ni kweli. Tena aliujua utani wenyewe ambao angeufanya. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, na mara hii hakuwa na pa kuiweka. Kucheka ndiyo dawa aliyoizoea, na hapo aliona kwamba dawa hiyo nayo alikuwa akiimimina bila kipimo, bila kuuliza mfereji unaishia wapi.

"Limejaa," alisema Rawle. "Vilishe kidogo kidogo. Na peleka na magadi ya kutosha."

Lori zikaja kiwandani. Maji ya dawa yalikuwa yameshatolewa na tangi limesuuzwa na kujazwa maji safi. Tope la mji likamiminwa, na vibarua wakasimama kwa mbali wakiziba pua na kupiga miluzi. Sharda ndiye aliyepanga chakula: amonia kidogo sana kwanza, kama uji wa mtu aliyetoka hospitali, kisha kuongeza. Ainsley hakulitoka tangi. Alitia magadi, alisikiliza mashine za hewa, alipima, akapima tena. Kibao chake alikisoma kila alipopita, kwa sauti, ili kimwingie. Bwawa lilikuwa likipanda kila siku, mpaka likabaki kiasi cha shubiri moja kufika ukingoni, na Sharda akaanza kushika simu bila kupiga, na meneja akaja mara mbili kuuliza swali moja.

Kisha asubuhi moja kichupa kikatoka chai ya kawaida. Mchana kikatoka chai hafifu. Ainsley akakipeleka kwa Sharda bila kusema, na Sharda akakiinua juani, akakizungusha, akapima mwenyewe kwa kichupa chake. Akamkumbatia yaya mzima na ovaroli yake yenye matope. Mkesha wa Krismasi, kabla ya saa ya chakula cha mchana, mlango ukafunguliwa na maji yakaanza kutoka kwenda mikokoni, na kiwanda hakikuzimwa hata dakika. Vibarua wakapata malipo yao. Boyo alipita akipiga kelele kwamba mama mkwe hana la kusema mwaka huu, ingawa sisi tunaomjua mama mkwe huyo tulijua atalipata.

Kwenye bwalo waliomba wapewe kisa chote, na Ainsley akapanda juu ya benchi akawapa. Akawapa toroli, akawapa kipimo cha mabahili, akawapa pampu ikisomewa habari njema, akawapa kibao. Watu walilia kwa kucheka. Akawaambia wazi kwamba yeye si mtu wa kemikali, ni mlezi wa vidudu, na vidudu vilivyomo sasa ni vya chooni, amepewa na Rawle Quamina.

"Nani?" wakauliza, maana hakuna aliyelijua jina hilo.

"Mume wa dada yangu. Kazi yake na yangu ni moja."

Kabla hajashuka kwenye benchi alikuwa ameshapewa jina: Dumu. Alilipokea akicheka, akiamini limemstahili na litakwisha baada ya sikukuu. Halikwisha. Jioni ile ile Merlene alirudi kutoka sokoni uso umefura.

"Muuza pilipili kaniita Mama Dumu," alisema. "Mimi! Nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa kitu," alisema Ainsley, na hakumwambia kwa nini aliingia chumbani akakaa kitandani kwa muda.

Siku ya Krismasi Velda na Rawle walikuja kama kawaida. Meza ilijaa, keki nyeusi imelewa ramu, sharubati ya rosela imepozwa, na mtu alikuwa akipiga gitaa kwa jirani. Velda alisema Avionne anawasalimu, tumbo linamsumbua kidogo. Ainsley akamtazama Rawle. Rawle akatazama sahani.

"Nipe namba yake," Ainsley alimwambia dada yake.

"Ya nini?"

"Nimpe pole ya tumbo."

Akatoka barazani akafunga mlango. Simu iliita sana. Alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kuomba radhi, lakini sauti ya Avionne ilipotokea, tulivu, ya kiuguzi, maneno yote yakamkimbia, akabaki na kitu kimoja anachokijua kufanya. Akamsimulia kisa. Alisimulia vanishi na gauni la kanisani, stoo, dawa kavukavu. Alipofika kwenye "huua vidudu vyote" alimsikia akicheka upande wa pili, kicheko kifupi kilichomtoka bila kupenda, na moyo wa Ainsley ukapanda.

"Sasa ukafanyaje, mjomba?" aliuliza Avionne. "Vidudu vingine ulipata wapi?"

"Kwa baba yako."

Kicheko kikakatika.

"Akakupa?"

"Akanipa. Lori mbili, na mwenyewe akijua anaweza kukwama."

"Na hakukuambia kitu?"

"Aliniambia. Kuhusu wewe. Shuleni. Yale maneno ya harusini yalikuwa yangu, Avionne. Niliyaona mazuri sana. Samahani, mwanangu. Nimechelewa mno, lakini samahani."

"Baba ni mtu mzuri," alisema Avionne. "Mimi nisingekupa, mjomba. Ningeacha bwawa lijae."

Mizaha ilimjia Ainsley ulimini, mizuri mizuri, ya Dumu na ya Krismasi, na yoyote kati ya hiyo ingeweza kumchekesha tena. Akaiacha yote ipite.

"Najua," alisema.

Akangoja Avionne akate simu. Hakukata.